Mpira wa Gari la Baba Apio

Jumapili, jioni inakaribia kwisha, mawingu ya mvua yamebaki juu ya Nakawa bila kunyesha. Joto limenishika tangu mchana na jasho bado liko mgongoni. Swaleh, mwanangu mdogo, amelala, jino lake linaloota limemkalisha mchana kutwa akililia mkono wangu, na mimi nimeketi sakafuni na daftari hili, mgongo umeegemea ukuta uliopoa kidogo sasa jua limeshuka.

Mikono yangu bado inanuka mpira wa gari na kutu, hata baada ya kuiosha kwa majivu, maana sabuni imekwisha nyumbani tangu jana. Harufu hii haiondoki haraka kama uchafu mwingine.

Leo nimefanya jambo la aibu. Nimeamua niliandike sasa hivi, kabla sijajitafutia maneno mazuri ya kujitetea.

Nianze na gari lenyewe, bila gari mambo haya hayaeleweki.

Gari letu ni dogo, rangi ya kijivu, la mume wangu, Baba Zubeda, ambaye ni dereva wa polisi. Hivi sasa yuko Moroto, tangu kabla ya Ramadhani iliyopita, na ameniachia gari, funguo, na maagizo mengi: usiazimishe mtu, usiruhusu maji yaishe ndani ya injini, ukiona mshale wa joto umepanda uzime hapo hapo ulipo, hata kama ni katikati ya barabara. Yeye mwenyewe alinifundisha kuendesha, uwanjani, zamani kabla Zubeda hajazaliwa, akicheka kila nilipoachia klachi ghafla. Lakini kujua injini, hilo sikufundishwa kwa maneno, nililipata tu kwa kusimama pembeni yake kila akitengeneza gari, nikimshikia taa usiku, nikimpa spana alipoomba, nikisikiliza anavyotukana mafuta na vyuma kana kwamba ni watu waliomkosea. Ukisimama muda mrefu karibu na kitu, unajifunza bila kutaka.

Wiki iliyopita nikaona tone la maji chini ya gari asubuhi. Nikafikiri labda mvua, lakini haikunyesha. Nikafungua boneti nikaona mpira unaotoka kwenye rejeta kwenda injini, ule wa juu, umepasuka upande, maji yakijitokeza kama jasho kwenye paji la mgonjwa. Mpira wa chini nao ulikuwa laini, wa kubonyeza kwa kidole, kama tumbo la samaki aliyekaa nje sana juani. Nikatafuta raba ya zamani ya gurudumu la baiskeli, nikaifunga pale kwenye ufa kwa kamba ya viatu, nikaomba Mungu ishike. Ikashika hadi Kamwokya nilipokwenda kutafuta spea, lakini kurudi, nilipokaribia Nakawa, mshale wa joto ukapanda tena, nikasimama pembezoni mwa barabara, nikafungua boneti, mvuke ukanipiga usoni kwa nguvu nisiyoitarajia.

Kutafuta mpira mwingine Kampala siku hizi ni kazi isiyomalizika. Maduka mengi ya spea, wenye maduka, Wahindi, walifukuzwa na kuondoka na familia zao zote, na waliopewa maduka hayo wanauza vitu visivyohusiana, vifuniko vya magurudumu ya magari yasiyoko nchini tena, taa za mitindo iliyopitwa na wakati. Nilipouliza mpira wa rejeta mtu mmoja alinicheka usoni: "Mpira? Mama, wewe tafuta sukari kwanza, mimi nitatafuta mpira." Nikarudi bila kitu, nikiendesha polepole, nikizima injini kila nilipofika mteremko mrefu ili isipande moto tena.

Sasa niseme habari za Mama Apio, kwa maana bila yeye mambo haya hayana maana yoyote.

Mama Apio anakaa mlango wa pili kutoka kwangu, kota hizi hizi za Nakawa. Anatoka Lira, na watu wa Lira siku hizi serikali inawahesabu maadui. Mume wake, ambaye alikuwa karani ofisini, alichukuliwa mchana, mbele ya watu wengine, na watu wa miwani nyeusi, wale wa usalama, mwaka jana. Hakurudi. Hakuna mwili uliopatikana, hakuna matanga yaliyofanyika, maana hakuna mwili wa kuzika wala kaburi la kutembelea. Tangu siku ile watu wengi hapa kotani hawamsalimii tena kwa sauti ya kawaida. Tunapita, tunainamisha kichwa kidogo tu, kama kusema tumekuona bila kutaka kuthibitisha tumekuona. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Kila nilipomkuta bombani akichota maji, nilisubiri pembeni, nikijifanya nafunga kilemba upya, mpaka atoke ndipo niende kuchota yangu.

Mume wake na mume wangu walishindana kwa utani kununua magari yanayofanana, mwaka ule ule, wakibishana kila Jumapili gari la nani linang'aa zaidi. Tangu achukuliwe, gari lake limefunikwa na turubai kubwa kando ya ukuta wao, na kila Jumamosi Mama Apio anaondoa turubai, anafuta vumbi kwa kitambaa, anaangalia ndani kana kwamba kuna mtu ndani, kisha anarudisha turubai. Hakuna anayethubutu kumuuliza kwa nini. Watu wa biashara za magendo wamemjia mara kadhaa wakitaka kulinunua, lakini anawaambia mwenyewe atalitumia siku atakaporudi.

Ijumaa jioni, bombani, nikamkuta. Safari hii sikumsubiri atoke. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba watu walifika tena Alhamisi wakiulizia alipo ndugu wa mumewe, na mwanamke fulani anayesali naye, ambaye kaka yake anafanya kazi na watu hao hao, amemtumia habari kwamba siku zijazo si za maswali tena. Anataka kwenda Jinja kwa dada yake mpaka mambo yatulie, na kutoka huko dada yake atajua la kufanya. Lakini basi hawezi kupanda, kwa sababu kwenye vizuizi vya njia ya Jinja wanawashusha watu na kuwauliza wanatoka wapi, na Kiswahili chake, jinsi kinavyosikika, kinamtambulisha kabla hajataja jina lake. Mimi kwa upande wangu, Mnubi wa Bombo kama wengi wa askari hao, nikipita njia hiyo wananiuliza nawajibu kwa Kinubi kidogo, wanacheka, wananiita dada, hawaangalii hata ndani ya gari. Upendeleo huo sikuufanyia kazi yoyote, na yeye naye hakufanya kosa lolote, lakini ndivyo ilivyo.

Akaniuliza polepole, akiendelea kuinua ndoo yake: "Mama Zubeda, gari lako lina shida ya maji?"

Nikamwambia mpira umekwisha kabisa.

"Ukipata mpira, utatupeleka Jinja, mimi na Apio?"

Nikasema ndiyo upesi, kwa sababu nilijua Kampala hakuna mpira.

Jambo hilo pia nalitaka liandikwe hapa, kwa sababu ni la kwanza la aibu, kabla ya lile la leo. Nilitoa ahadi nikitegemea isiwezekane.

Jumamosi asubuhi akaja mlangoni kwangu na karai limefunikwa na kitambaa safi, kama anapeleka chakula kwa mtu aliyejifungua. Ndani yake, mipira miwili, ya juu na ya chini, pamoja na klipu zake, imeoshwa vizuri. Ameilegeza kwa maji ya moto ili itoke bila kukatika. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka karibu na kucha, nikaelewa ametumia ncha ya kisu cha jikoni kufungua skrubu, maana bisibisi hakuwa nayo, na hakutaka kuja kuazima kwangu akakutwa akiazima.

"Chukua," alisema, bila kunikabidhi mkononi, akaliweka karai chini mlangoni. "Yeye akirudi atapata nyingine."

Nilimtazama, kisha nikatazama gari lake kando ya ukuta wao, nikaona turubai imekunjwa chini, na hakuirudisha tena juu ya gari.

Kazi yenyewe niliifanya mchana ule ule, Swaleh akiwa amelala na Zubeda akicheza na vifuniko vya chupa barazani. Nilijifunga gauni kuukuu juu ya goti. Suruali ya Baba Zubeda ingefaa zaidi kwa kuinama, lakini mwanamke kuonekana na suruali siku hizi ni kutafuta kiboko cha askari. Nikasubiri injini ipoe, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikaweka karai chini nikaachia maji yote. Mpira wa zamani ulikuwa umeng'ang'ania bomba kama kupe. Nikaupasua kwa kisu kwa urefu, nikaumenya kama muhogo. Nikasugua mdomo wa bomba kwa msasa mpaka kutu ikaisha, nikapaka kile kipande cha mwisho cha sabuni nilichokuwa nimemwekea Swaleh, ili mpira mpya uteleze uingie vizuri, kisha nikakaza klipu, si pembeni kabisa ambapo mpira huchomoka, wala si kwa nguvu mpaka ukatike. Nikajaza maji, nikawasha injini, nikawa nabonyeza mpira hewa itoke, nikaongeza maji tena, nikangoja. Mshale ulipanda ukafika mahali pake, ukatulia.

Chini pakawa pakavu.

Sitaki kudanganya, nilijisikia mkubwa. Nikamwita Mama Apio aone. Akaweka mkono wake juu ya boneti, kama anavyogusa paji la uso la mtoto aliyetoka kwenye homa, akakaa hivyo muda. Tukapatana Jumatatu, kafyu ikiisha tu, twende.

Leo asubuhi niliamka mapema kuangalia maji kabla ya safari ya kesho. Nilikuwa nimeinama kwenye injini, bisibisi mkononi, aliposogea Sajini anayekaa nyumba ya mwisho. Ni rafiki wa mume wangu, mtu wa mizaha. Alikuwa na fulana tu na mswaki wa mti mdomoni.

"Shemeji, wewe sasa nakuwa fundi? Bwana yako akirudi itabidi aongeze mahari."

"Afande, mwenyewe hayupo, nifanyeje."

"Na hii mpira natoka wapi? Mimi natafuta ya gari yangu mpaka nachoka."

"Nimeipata Kamwokya."

Akatazama gari la Baba Apio limekaa wazi kando ya ukuta, bila turubai. Akanirudia mimi.

"Kamwokya iko karibu sana siku hizi," akasema, akacheka. "Na safari ni ya wapi?"

"Bombo, kwa mama."

"Bombo nzuri. Lakini beba watoto yako tu, shemeji. Mzigo ya watu nakula petroli." Akapiga bati la gari mara moja kwa kiganja, akaenda zake akipiga mluzi.

Mpaka sasa sijui kama ni rafiki aliyekuwa akinionya au ni mtu aliyekuwa akinionyesha kwamba anajua. Labda ni mdomo wake tu.

Nikaangalia nyumba yangu, mlango wazi, Zubeda anakula posho, ugali uliolala, kwa mkono. Nikawaza barabara ya Jinja, Namanve kwanza, halafu Mabira, ile misitu wanamotupa watu. Nikawaza watoto wangu wakilelewa na mtu asiyejua kwamba Swaleh halali bila kushikwa sikio. Sikuwaza Apio. Nimejaribu kukumbuka vizuri, na sikumwaza hata kidogo.

Nikainama, nikalegeza klipu ya chini.

Maji yakaanza kutoka, kwanza kidogo, halafu kama mtoto anayekojoa. Nikangoja yatengeneze dimbwi. Ndipo nikamwita.

"Mama Apio, njoo uone. Mpira umekataa."

Akaja mbio, kitambaa cha kichwa kimemdondokea begani. Akainama, akachovya vidole kwenye maji yale, akavishikilia humo. Akaangalia klipu. Akaangalia bisibisi mkononi mwangu. Nilikuwa na maneno tayari, ya mpira kuukuu, ya klipu kuliwa na kutu, na nikayasema yote, moja baada ya jingine, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mgeni.

"Pole kwa kazi," akasema. Akarudi kwake.

Nilichosikia kwanza kilikuwa nafuu, si aibu. Nikapika. Nikala, nikashiba, nikaosha vyombo nikiwa nimetulia kabisa. Nilijiambia nitamtafutia njia nyingine, na hata hiyo njia sikuitafuta kichwani.

Adhuhuri ilipopita nikasimama dirishani kumbembeleza Swaleh. Mama Apio alikuwa uwanjani na binti yake. Apio ni mdogo, rika la Zubeda wangu, bado anachanganya kushoto na kulia. Mama yake alikuwa amemvisha viatu vya kaka yake aliyebaki Lira, vikubwa, na alikuwa anavijaza matambara. Akamsimamisha. Akamtembeza mpaka kwenye bomba na kurudi, mpaka kwenye bomba na kurudi. Mtoto akilalamika anamkalisha, anapanga matambara upya, anamsimamisha tena.

Alikuwa anamfundisha kutembea mpaka Jinja.

Nilimlaza Swaleh, akalia, nikamwacha alie. Nikatoka na bisibisi ile ile, nikakaza klipu, nikabeba ndoo kutoka bombani mbele ya kila dirisha la kota hizi, nikajaza rejeta. Redio ya Sajini ilikuwa inaimba nyumba ya mwisho na mlango wake ulikuwa wazi. Nikawasha injini. Nikaiacha ingurume mpaka kila mtu asikie, halafu nikaenda kugonga.

"Mama Apio, limepona."

Alikuwa amepiga magoti, anafunga kamba ya kiatu. Hakuinua uso. "Ilikuwa imepona jana."

Nikaficha bisibisi nyuma ya mgongo.

"Ile maji ya asubuhi ilikuwa baridi," akasema. "Hii gari mimi naijua. Mpira ikishindwa, inashindwa ikiwa moto, maji nachoma mkono. Yako ilikuwa baridi kama ya bomba."

"Niliogopa, dada."

"Mimi pia naogopa. Lakini mimi sina bisibisi."

Nilimwambia kesho tutakwenda, wote, kama tulivyopatana. Nilimwambia nimeapa. Akamaliza kufunga kamba, akainuka, na kwa mara ya kwanza leo akanitazama usoni. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Hapana. Mimi nikikaa ndani, wewe utatetemeka, na wale watu macho yao iko kwenye mikono. Watatushusha wote. Chukua Apio. Katikati ya watoto yako nani atamhesabu? Mimi nitapita njia yangu."

"Njia ipi?"

"Ukijua, utapata kitu kingine cha kuogopa."

Akanielekeza nyumba ya dada yake Jinja, akanifanya niyarudie maelekezo mpaka nikayasema sawasawa. Nilipofika mlangoni akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anaagiza chumvi:

"Kama utaogopa tena, ogopa ukishamfikisha."

Jua lilipoanza kuzama akamleta. Kifurushi kidogo, gauni la rangi ya machungwa, viatu ameshavivua. Alimwambia maneno mengi kwa lugha yao, sikuelewa hata moja, na mtoto alikuwa anaitika kwa kichwa. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, "Kesho huyu ndiyo mama yako. Wakiuliza, huyu." Akanishukuru. Alinishika mikono yote miwili, yenye harufu hii, akanishukuru kama mtu aliyetendewa wema, na mimi nikapokea shukrani ile kwa sababu sikujua jinsi ya kuikataa mbele ya mtoto.

Kama nisingegusa klipu ile, kesho wangekuwa pamoja. Hilo ndilo ninalotaka kuandika na nimekuwa nikilizunguka tangu nilipoanza. Hakuna mtu mwingine aliyewatenganisha. Si wale wa miwani, bado hawajarudi. Ni mimi, na mzunguko mdogo wa mkono.

Nimewaza kumwandikia Baba Zubeda. Sitamwandikia. Barua zinafunguliwa, na pia sijui ningeiita nini habari hii.

Wote watatu wamelala mkeka mmoja, Zubeda amemrushia Apio mguu kama anavyomrushia mdogo wake. Apio hakulia. Aliuliza tu choo kiko wapi, akanawa, akalala upande wa ukuta. Nimemfundisha jina la kusema na amelishika upesi kuliko nilivyotaka.

Kesho nitaendesha. Nitaangalia maji kabla ya kuwasha, nitawasalimu wale vijana wa kizuizini kwa Kinubi, nitacheka wakicheka, na mikono itatulia kwenye usukani, nitailazimisha itulie mpaka daraja la Jinja. Kwa hilo nimekata shauri.

Lakini watoto watakaa nyuma, na Apio ana macho. Mbele, pembeni yangu, kuna kiti, na kesho hakitakuwa na mtu. Tukiwa katikati ya Mabira akiniuliza kwa nini mama yake hakukaa pale, na nafasi ilikuwepo, nitamjibu nini?